Ghala Lililozibwa Pua

Wapo watu wanaokasirika asubuhi, na jioni ukiwauliza wamesahau kilichowaudhi. Bi Chuma hakuwa wa kundi hilo. Hasira yake ilipanda polepole, na ikishapanda ilikaa, ikalala naye na kuamka naye. Hii ninayoisimulia ilianza siku ya Jumanne, pale mafundi walipopanda ngazi na nyundo zao kuziba nyufa za Ghala Kongwe.

Ghala Kongwe ni jengo la mbao lililoko katikati ya chuo cha mifugo. Ni kubwa kuliko ukumbi wa mihadhara, na umri wake unazidi wa jengo lolote pale. Lilijengwa kabla chuo hakijawa chuo, enzi ambazo pale palikuwa shamba tu la ng'ombe wa maziwa. Chini ni ukuta wa mawe unaofika kiunoni, juu yake mbao zilizosimama wima, na kati ya ubao na ubao upo upenyo wa kidole kimoja. Waliojenga waliuacha makusudi. Ghorofa ya juu ni ya kuwekea nyasi kavu, na nyasi, hata uzianike namna gani, zinataka upepo. Wanafunzi wapya walizoea kucheka, wakisema fundi aliishiwa mbao. Bi Chuma aliwaacha wacheke wiki ya kwanza. Ya pili aliwapa uma wa kugeuzia nyasi, na kufika ya tatu hakuna aliyebaki na pumzi ya kuchekea.

Yeye ndiye aliyekuwa mtunza ghala, kwa miaka ishirini na minane. Jina alipewa na wanafunzi hao hao kwa sababu ya nondo yake, yenye urefu wa mita mbili na ncha iliyochongwa, ambayo hakuachana nayo msimu wote wa nyasi. Wengine walisema jina lilitokana na ulimi wake, na hao pia hawakukosea. Kila baada ya siku mbili alipanda juu, akaichomeka nondo ile katikati ya rundo la marobota ya nyasi zilizofungwa kamba, akaiacha robo saa, kisha akaichomoa na kuikamata penye ncha huku anahesabu.

"Ukifika kumi, nenda kapumzike," aliwafundisha. "Ukiiachia kwenye tano, toa nyasi leo hii. Ukiiachia kwenye mbili, toa watu kwanza."

Maana nyasi zikifungwa zikiwa bado na unyevu moyoni huchacha. Zikichacha hupata joto, na joto likikosa pa kutokea huzidi siku hata siku, mpaka zinajiwasha zenyewe bila kiberiti wala mchawi. Wenye mifugo wanalijua jambo hilo. Pale chuoni lilikuwa hata somo, mwaka wa pili, muhula wa kwanza, na aliyelifundisha alikuwa mwalimu wa malisho.

Huyu mwalimu wa malisho inabidi nimweleze vizuri, maana ndiye aliyemgeuka Bi Chuma. Alifika pale akiwa kijana mwembamba asiyejua uma wa nyasi unashikwa upande gani. Bi Chuma alimfundisha kuushika. Alimfundisha kunusa nyasi na kuzisikiliza zikivunjika kiganjani. Miezi ambayo posho ilichelewa, alimpa chakula kwenye bakuli lake mwenyewe. Kijana alipoandika tasnifu, nusu ya yaliyomo yalitoka kwenye ncha ya nondo ile, ingawa jina la Bi Chuma halikuonekana hata kwenye ukurasa wa shukrani. Fadhila za punda ni mateke, lakini punda angalau hakupigi teke huku anakuita mama. Huyu aliendelea kumwita mama hadi siku ya mwisho.

Basi mwaka huo chuo kilikuwa kinatimiza miaka tisini. Mkuu wa chuo, mtu wa suti na hotuba, alitaka sherehe ifanyikie ndani ya Ghala Kongwe, wageni waone jengo la kihistoria na kibao kizinduliwe mlangoni. Kamati iliundwa, na mwenyekiti wake akawa mwalimu wa malisho. Ndiyo maana Jumanne ile Bi Chuma alipokuta mafundi wanagongelea vipande vya mbao juu ya nyufa na kuvipaka vanishi, alimwendea yeye.

"Nani kawaambia wazibe?"

"Vumbi, mama. Litawamwagikia wageni." Mwalimu alitabasamu. "Na wewe unajua, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ule si ufa, ni pua. Umeliziba ghala pua."

"Ni kwa ajili ya sherehe tu."

Kesho yake likaja lori la marobota. Bi Chuma alivuta unyasi mmoja, akaukunja. Haukuvunjika. Ulipinda, ukarudi kama ulivyokuwa. Alivuta wa pili kutoka robota jingine, wa tatu, wa kumi. Zote zilikuwa za kijani, laini, na harufu yake tamu. Zilifungwa siku moja baada ya kukatwa. Mtu yeyote aliyepita darasa la mwalimu wa malisho angezirudisha zilikotoka, na hapa aliyeziagiza alikuwa mwalimu mwenyewe.

"Mkuu anataka rangi," mwalimu alimwambia kwa sauti ya chini, kama anayempa siri. "Zikikauka sana zinakuwa za njano, kwenye picha zinaonekana zimechakaa. Tunazipanga juu, wageni wanaziona, Jumatatu yake tunazitoa. Ni siku kumi tu, mama."

"Zikiwaka zitakuuliza ni siku ngapi?"

"Usijali."

Marobota mia mbili na arobaini yalipandishwa juu na kushindiliwa ukuta kwa ukuta ili yapendeze. Bi Chuma alisimama chini akitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakusaidia kupanga.

Jumapili alihesabu hadi nane. Jumatatu, saba. Jumanne, sita. Jumatano asubuhi, siku tatu kabla ya sherehe, alipofika tatu mkono wake ukaiachia nondo wenyewe. Kiganja kilikuwa chekundu. Alishuka, akanawa kwenye bomba la wakamuaji, akaenda moja kwa moja jengo la utawala na kumwambia karani wa masijala kwamba anataka kuingia kwenye kikao cha kamati.

Karani wa masijala alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, na siku hiyo ndiye aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao.

"Mama, hukualikwa."

"Moto nao haukualikwa. Nifungulie."

Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji zimepangwa kwa mstari, na watu wanane. Mkuu wa chuo alimkaribisha kwa heshima inayotolewa kwa wagonjwa. Bi Chuma alisema alichokuja kusema: nyasi ni mbichi, nyufa zimezibwa, joto linapanda kila siku, na kufika Jumamosi wageni mia tatu watakuwa wamekaa chini ya moto. Zitolewe leo.

Mkuu alimgeukia mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti aliinua kile kipimajoto chenye umbo la bastola, kinachopima kwa kuelekezwa tu.

"Nimepima jana, Mkuu. Nyuzi ishirini na saba. Kawaida kabisa."

"Umepima wapi?" Bi Chuma aliuliza.

"Kwenye marobota."

"Ya nje. Mtu akiwa na homa unampima kwenye koti?"

Mmoja wa wajumbe alicheka, kisha akajikohoza. Mwalimu wa malisho alitazama simu yake. Hapo ndipo hasira ya Bi Chuma ilipotoka kifuani ikampanda kichwani, kwa sababu aliona wazi kwamba mtu yule anajua. Angekuwa mjinga, ungemsamehe. Lakini alijua, alijua kwa kipimo na kwa jina la jambo hilo kitabuni, na alikuwa amenyamaza kwa sababu cheo cha mkuu wa idara kilikuwa wazi na Mkuu ndiye wa kukitoa.

"Mwalimu," alisema, "waambie unachoandika ubaoni mwaka wa pili."

"Mama, nadharia ni kitu kimoja. Mazingira yetu ni tofauti."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Bibi, tunakuheshimu. Lakini wageni wameshathibitisha, na mimi siwezi kubomoa mapambo kwa sababu ya nondo. Nipe ushahidi. Miaka tisini ya chuo hiki, nyasi zimewahi kujiwasha zenyewe hapa?"

Bi Chuma alinyamaza. Binti yake aliinua macho kutoka kwenye daftari, kwa sababu hakuwahi kumwona mama yake akinyamaza mbele ya swali jepesi. Lakini halikuwa jepesi. Jibu lilikuwepo, na mtu mmoja tu duniani alikuwa nalo, na alikuwa amelificha miaka ishirini na sita.

"Zimewahi," alisema. "Banda la ndama."

"Banda la ndama lilichomwa na sigara ya mlinzi. Liko kwenye kumbukumbu. Mlinzi alifukuzwa."

"Halikuchomwa na sigara. Nililichoma mimi."

Akawaeleza, amesimama, mkono mmoja juu ya kiti kisichokuwa chake. Ulikuwa mwaka wake wa pili kazini. Mume alikuwa amefariki, mtoto ana miezi minne. Mvua ilikuwa inakuja, nyasi hazijakauka, na yeye alitaka kurudi nyumbani kunyonyesha. Akaziingiza hivyo hivyo, zikajazwa kwenye dari ya banda la ndama. Baada ya siku sita alipeleka mkono akakuta zina joto. Akajiambia atazitoa kesho. Kesho yake saa nne asubuhi banda likashika moto, ndama watatu wakafa. Wakaokota pakiti ya sigara karibu na mlango, na mlinzi alijulikana kwa kuvuta. Wakamuuliza Bi Chuma kama nyasi zilikuwa kavu. Akasema zilikuwa kavu.

"Nondo hii niliitafuta baada ya siku ile," alimaliza. "Sikuzaliwa nayo. Sasa ushahidi ndio huo. Toeni nyasi."

Kalamu ya binti yake ilikuwa imesimama.

"Karani, andika," Mkuu alisema. Alisubiri mpaka kalamu ikaanza kutembea tena. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyechoma banda la chuo. Ukaongopa, ukakaa kimya miaka ishirini na sita unakula mshahara, na leo unakuja kutufundisha habari za moto."

"Nimekuja kuwaambia mtoe nyasi."

"Nimekusikia." Akafunga faili. Ufunguo wa ghala ukabidhiwe kwa mwenyekiti wa kamati, alisema, na suala la mhusika litashughulikiwa baada ya sherehe.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu mkuu mwenyewe asiposikia, maana guu linalovunjika hapo huwa la mtu mwingine.

Bi Chuma hakulala vizuri, na sitasema alilala akiomba. Alilala akitukana. Alimtukana Mkuu, akamtukana mwalimu wa malisho hatua kwa hatua, toka siku alipomfundisha kushika uma. Asubuhi aliamka akiwa ameshaamua.

Ufunguo waliochukua ulikuwa wa mlango wa chini. Juu, kwa nyuma, upo mlango mdogo wa kupandishia nyasi, ambao kwa miaka yote hiyo umefungwa kwa ndoano tu. Alisubiri saa saba mchana, wakati kamati wako kwenye chakula na mafundi wamelala kivulini. Akaegemeza ngazi, akavuta mpira wa maji kutoka bomba la wakamuaji hadi juu. Mpira ulitangulia, kwa sababu nyasi zenye joto ukizifunua unazipa hewa, na hewa ndiyo zinayoisubiri.

Wakamuaji wawili walitoka bandani na ndoo zao, wakamwona amesimama kwenye ule mlango wa juu.

"Sisi hatujapata amri yoyote, mama," mmoja alisema.

"Sijawapa amri."

"Basi tunapita tu."

Wakaweka ndoo chini, wakapita kwenye ngazi, wakapita hadi juu, na kwa muda wa saa nzima walipita na marobota mikononi. Ya nje yalikuwa mepesi na ya kijani. Safu ya tatu yalikuwa na jasho. Safu ya tano kamba zilikuwa moto, na walipofika katikati mvuke ukapanda ukawapiga usoni, na harufu ikabadilika ikawa ya tumbaku na sukari iliyoungua. Bi Chuma alizimwagia maji. Robota lilipopasuliwa ndani lilikuwa jeusi. Hapakuwa na mwali. Labda ilibaki siku moja, labda nusu siku, labda saa tatu. Hakuna ajuaye, na hilo ndilo lililokuja kumponza.

Waliyarusha yote ya katikati chini kwenye bustani, pale ambapo hema jeupe la wageni lilikuwa limesimamishwa asubuhi ile, kisha wakayamwagia maji mpaka yakaacha kutoa mvuke. Mkuu alipofika mbio na kitambaa cha chakula bado kipo mkononi, alikuta matope, hema lenye madoa, na lundo la nyasi nyeusi zilizolowa chapachapa. Wakamuaji walikuwa wameshapita, wamerudi kwa ng'ombe wao.

"Gusa," Bi Chuma alimwambia mwalimu wa malisho, aliyekuja nyuma ya Mkuu. "Vunja robota moja. Mwambie Mkuu ni nini hicho."

Mwalimu alichuchumaa. Alichukua konzi ya nyasi nyeusi, akaisugua kwa vidole kama alivyofundishwa, akainusa kama alivyofundishwa. Zilisagika zikawa uji mweusi wa makaa. Nyasi zilizolowa maji ya saa moja hazisagiki hivyo, na mikono yake ilijua. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zimeoza, Mkuu," alisema. "Ni maji haya aliyozimwagia."

Bi Chuma hakupiga kelele. Alimtazama mtu ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimlisha kwa bakuli lake mpaka mtu yule akajifuta vidole kwenye suruali na kuondoka.

Sherehe ilifanyika. Walikodi maua wakayapanga pale juu, na picha zilipendeza. Mkuu alizungumza dakika arobaini kuhusu kuhifadhi urithi wetu. Kibao kilizinduliwa mlangoni, na kimeandikwa kwamba jengo hili limedumu kwa uangalifu wa uongozi wa chuo. Kipo mpaka leo, ukipita utakisoma. Moto ambao haukuwaka hauna shahidi. Laiti Bi Chuma angeliacha ghala liungue, angekuwa mwanamke aliyeonya. Kwa kuwa aliliokoa, alikuwa kizee aliyeharibu hema.

Barua ilitoka Jumatatu. Binti yake ndiye aliyeichapa, na ndiye aliyeileta nyumbani, kwa sababu alikataa mtu mwingine ailete. Ilisema ameachishwa kazi kwa uharibifu wa mali, na kwa kukiri kwa kinywa chake mwenyewe, kama ilivyo katika kumbukumbu za kikao, kuhusika na moto wa banda la ndama. Bi Chuma aliisoma amesimama, akaikunja mara nne.

"Kumbukumbu za kikao," alisema. "Yaani mkono wako."

"Mkono wangu, mama. Uliniambia kila siku kazi ni kazi."

Bi Chuma akaanza. Alimsema Mkuu, akamsema mwalimu wa malisho, akawasema wajumbe wote wenye chupa za maji. Kwamba wamemwonea. Kwamba anayejua ukweli ananyamaza kulinda mkate wake, na asiye na makosa anatupwa nje ya lango, na hakuna hata mmoja anayelala vibaya. Alisema kwa muda mrefu, na binti yake alimsikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Yote kweli," binti alisema. "Wamekuonea. Na yule mlinzi je?"

"Mlinzi gani?"

"Mama."

Bi Chuma alitaka kumkemea. Mtoto wa jana, aliyenyonyeshwa kwa kazi ile ile anayoihukumu. Alifungua kinywa, na maneno yaliyokuwa tayari ni yale yale aliyoyasema dakika moja iliyopita kuhusu mwalimu wa malisho. Akakifunga. Hasira yote aliyokuwa nayo ilikuwa bado ipo, haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa imegeuka ikamtazama yeye.

Haikuwa kazi kumpata. Kila mtu wa pale alijua yule mlinzi wa zamani ameishia kuwa fundi viatu, anashonea mbele ya nyumba yake nyuma ya soko. Bi Chuma alikuwa amelikwepa soko lile miaka ishirini na sita, akinunua mboga za upande mwingine kwa kisingizio kwamba ni freshi zaidi. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, kiatu kati ya magoti, sindano mdomoni. Nywele zilikuwa nyeupe. Alimtambua papo hapo.

"Mtunza ghala," alisema. "Viatu vimekuishia huko chuoni?"

Bi Chuma alikataa kiti. Akamwambia. Hakuzunguka wala hakutaja mume aliyekufa, kwa sababu njiani alikuwa ameamua kwamba hilo halimhusu mtu huyu. Nyasi zilikuwa mbichi. Aliziweka yeye. Alizigusa zikiwa na joto. Waliuliza, akaongopa.

Fundi aliendelea kushona. Alipitisha uzi, akauvuta, akapitisha tena.

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mimi sigara nilikuwa nimeziacha wiki mbili kabla. Mke wangu alikuwa mjamzito, moshi ulimtapisha. Pakiti ile ilikuwa ya zamani. Nilisema. Nikaapa. Nani alinisikiliza?"

"Hakuna."

"Hakuna," alikubali. Akakata uzi. "Na leo kimekuleta nini?"

Bi Chuma alikuwa ameandaa jibu kuhusu dhamiri. "Wamenifukuza," alisema.

"Aa." Akakigeuza kiatu akatazama soli. "Wasingekufukuza, ungekuja?"

Angeweza kusema ndiyo. Hapakuwa na mtu wa kumpinga. "Nisingekuja," alisema.

Kwa mara ya kwanza fundi aliweka kazi chini na kumtazama sawasawa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekasirika muda mrefu sana hata hasira ikawa sehemu ya sura, kama pua.

"Mimi usiniombe radhi," alisema. "Mimi nilijua sikuwasha, nimeishi nalo. Mke wangu hajui. Miaka yote hii, tukikosana kwa chumvi, tukikosana kwa ada ya mtoto, anamalizia na hilo. Mwanamume aliyechoma kazi yake kwa sigara moja. Watoto wamekua wanalisikia." Akaelekeza kidole gumba nyuma yake, kwenye mlango. "Yumo ndani. Kamwambie yeye. Mimi nabaki hapa, maana nikiingia na wewe atadhani nimekununua."

Bi Chuma alivua viatu mlangoni. Ndani palikuwa na giza la mchana na moto wa jiko, na mwanamke mnene aliyeinamia sufuria, mgongo umegeuka.

"Karibu," mwanamke alisema bila kutazama. "Nani mwenzangu?"

"Mtunza ghala wa chuoni. Nimekuja kwa habari ya sigara ya mumeo."

Mgongo ulitulia. Mwanamke aliipua sufuria, akaiweka chini, akavuta kigoda na kukaa, bila kumpa mgeni cha kukalia.

"Sema," alisema.